Kupima Ubora wa Tafiti za Kitakwimu katika Afya na Ustawi wa Jamii: Mafunzo kutoka Mwanza na Rakai

Ikisiri

Makala haya yanaeleza namna ya kutathmini ubora wa tafiti za kitakwimu katika nyanja za afya na ustawi wa jamii. Hoja kuu ni kwamba tathmini ya ubora si zoezi la kuhesabu vipengele vilivyotimizwa katika orodha. Ni hukumu yenye sababu kuhusu njia ambazo utafiti fulani ungeweza kupotoka, upande ambao upotokaji huo ungeelekea, na ukubwa wake. Hoja hiyo inafafanuliwa kwa kusoma upya jaribio la Mwanza kuhusu tiba ya magonjwa ya zinaa na maambukizi ya VVU (1995), kulilinganisha na jaribio la Rakai nchini Uganda (1999), na kisha kuangalia swali la pensheni jamii ya Zanzibar, ambako ugawaji wa nasibu haukufanyika. Makala yanahitimisha kwa kupendekeza maswali ambayo watahini na watafiti wanaweza kuyatumia wanaposoma sura ya tathmini ya ubora.

1.0 Utangulizi

Mtahiniwa anayeandika tasnifu ya mapitio ya kimfumo hufika mahali ambapo anatakiwa kueleza ubora wa tafiti alizozikusanya. Mara nyingi sehemu hiyo huwa fupi kuliko zote. Huwa na jedwali moja lenye majina ya tafiti upande wa kushoto, alama za vema katikati, na jumla upande wa kulia. Chini yake huandikwa kwamba tafiti kadhaa zilikuwa na ubora wa juu, kadhaa wa kati na chache wa chini. Baada ya hapo jedwali halitajwi tena, na matokeo hujadiliwa kana kwamba tafiti zote zina uzito sawa.

Kasoro hiyo ina madhara nje ya chumba cha mtihani. Mganga mkuu wa wilaya au afisa ustawi wa jamii hana nafasi ya kusoma tafiti 30 kabla ya kuamua. Huutegemea muhtasari wa aliyezisoma. Ikiwa msomaji huyo alibeba kosa la mtafiti bila kulitambua, fedha zitaelekezwa kusikostahili, au afua inayofaa itaachwa.

Gharama ya kukosea inaweza kuwa maisha. Kwa miaka mingi watoto wenye homa kali na dalili za mzunguko hafifu wa damu walipendekezewa kupewa maji mengi ya mshipa kwa haraka, pendekezo lililokuwa na mantiki ya kitabibu lakini halikuwa limepimwa kwa jaribio la nasibu katika hospitali za Afrika. Jaribio lililojulikana kama FEAST, lililofanyika katika hospitali sita za Kenya, Tanzania na Uganda na kuchapishwa mwaka 2011, lilihusisha watoto 3,141. Vifo ndani ya saa 48 vilikuwa asilimia 10.6 na 10.5 katika makundi mawili yaliyopewa maji kwa haraka, na asilimia 7.3 katika kundi ambalo halikupewa. Tofauti hiyo ni takribani watoto watatu katika kila mia moja. Ni ukumbusho kwamba ushahidi dhaifu unaweza kukaa muda mrefu ukiwa umevaa sura ya ujuzi.

2.0 Ubora una maana ngapi?

Neno ubora hutumika kwa mambo manne ambayo hayana budi kutenganishwa.

La kwanza ni ubora wa uandishi, yaani kama ripoti imeeleza yaliyofanyika. Miongozo kama CONSORT kwa majaribio ya nasibu, uliotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1996, na STROBE kwa tafiti za uchunguzi, wa mwaka 2007, iliandaliwa kwa lengo hilo. Kuitumia kama mizani ya ubora wa utafiti wenyewe ni kosa. Ripoti inaweza kueleza kwa uwazi kamili utafiti uliofanywa vibaya.

La pili ni uhalali wa ndani, yaani kama tofauti iliyoonekana imetokana na afua na si na jambo jingine. Hapa ndipo dhana ya upendeleo inapohusika. Upendeleo katika takwimu si lazima uwe nia mbaya ya mtafiti. Ni mwelekeo wa kimfumo unaosogeza makisio mbali na ukweli kwa upande mmoja.

La tatu ni usahihi wa makisio, unaotegemea ukubwa wa sampuli na ambao kwa kawaida huoneshwa kwa masafa ya uhakika ya asilimia 95. Jambo la pili na la tatu huchanganywa mara kwa mara. Mwenye duka ambaye mizani yake imepinda hawezi kuinyoosha kwa kupima mara elfu. Atakachopata ni jibu lilelile la uongo, akiwa na uhakika zaidi. Hivyo sampuli kubwa hupunguza makosa ya nasibu tu, wala haitibu upendeleo.

La nne ni uhalali wa nje, yaani kama matokeo ya mahali pamoja yanaweza kutarajiwa mahali pengine. Sehemu ya 4.0 itaonesha kwamba utafiti unaweza kuwa imara ndani lakini usihamishike.

3.0 Kusoma jaribio la Mwanza

Mwaka 1995 Grosskurth na wenzake walichapisha matokeo ya jaribio lililofanyika katika vijiji na visiwa vya mkoa wa Mwanza. Swali lilikuwa kama kuboresha tiba ya magonjwa ya zinaa katika vituo vya afya vya kawaida kungepunguza maambukizi mapya ya VVU. Afua ilijumuisha mafunzo kwa watumishi, upatikanaji wa dawa, usimamizi wa mara kwa mara na elimu kwa wananchi. Jamii 12 zilipangwa katika jozi sita kwa kufanana kwake, na katika kila jozi jamii moja ilipewa afua kwa njia ya nasibu. Watu wazima 12,537 waliandikishwa, na 8,845 kati yao walionekana tena baada ya miaka miwili. Miongoni mwa waliokuwa hawana VVU mwanzoni, walioambukizwa walikuwa 48 kati ya 4,149 (asilimia 1.2) katika jamii za afua, na 82 kati ya 4,400 (asilimia 1.9) katika jamii linganishi. Uwiano wa hatari baada ya marekebisho ulikuwa 0.58, na masafa ya uhakika yalikuwa 0.42 hadi 0.79. Mtathmini anayasomaje matokeo haya?

3.1 Ugawaji na idadi halisi ya vipimo

Hatua ya kwanza ni kuuliza ni kitu gani kiligawanywa. Waliogawanywa hawakuwa watu 12,537. Zilikuwa jamii 12. Wakazi wa kijiji kimoja hushirikiana zahanati, barabara, gulio na mitandao ya mahusiano, hivyo hufanana kuliko watu waliochukuliwa popote. Kufanana huko hupunguza taarifa inayobebwa na kila mhojiwa. Kanuni inayotumika ni kuzidisha ukubwa wa sampuli unaohitajika kwa 1 + (m − 1)ρ, ambapo m ni idadi ya watu katika kila kishada na ρ ni kiwango cha kufanana ndani ya kishada. Tukichukua m kuwa 1,000 na ρ kuwa 0.001 tu, jibu ni karibu 2. Kwa maneno mengine, kufanana kudogo kiasi hicho kunatosha kuifanya sampuli ya watu 12,000 iwe na uzito wa watu 6,000. Utafiti wowote wa vishada uliochanganuliwa kana kwamba kila mtu aligawanywa peke yake utatoa masafa ya uhakika membamba kuliko yanavyostahili.

Watafiti wa Mwanza walizingatia jozi katika uchanganuzi wao. Zaidi ya hapo, maambukizi yalikuwa machache upande wa afua katika jozi zote sita. Msomaji anaweza kupima uzito wa jambo hilo bila programu yoyote. Kama afua haikuwa na athari, kila jozi ingekuwa na nafasi nusu kwa nusu ya kuelekea upande wowote. Uwezekano wa jozi zote sita kuelekea upande mmoja, uwe wowote, ni 2 kwa 64, yaani takribani 0.03. Hata kwa hesabu hii sahili, bahati peke yake inakuwa maelezo dhaifu. Hata hivyo, jozi sita ni chache, na jamii zilizopangwa kwa jozi bado zinaweza kutofautiana kwa mambo ambayo hayakupimwa. Mtathmini mwangalifu hulinganisha hali ya mwanzo: kiwango cha VVU kilikuwa asilimia 3.8 katika jamii za afua na asilimia 4.4 katika jamii linganishi. Tofauti hiyo ni ndogo, lakini inaelekea upande uleule wa matokeo, na ndiyo maana marekebisho yalihitajika.

3.2 Waliopotea

Watu 3,692, sawa na asilimia 29 ya walioandikishwa, hawakuonekana baada ya miaka miwili. Orodha nyingi za ukaguzi huweka mpaka, kwa mfano asilimia 20, na kuushusha daraja utafiti uliouvuka. Mpaka huo ni wa kudhaniwa. Swali lenye maana ni kama waliopotea wangeweza kubadili hitimisho.

Tufanye makadirio. Kama jamii za afua zingekuwa na kiwango cha jamii linganishi, walioambukizwa wangekuwa takribani 77 badala ya 48. Hitimisho lote, basi, linasimama juu ya tofauti ya watu wapatao 29, ilhali waliopotea ni zaidi ya mara mia ya idadi hiyo. Kwa mtazamo wa haraka hali inaonekana kuwa mbaya. Lakini tuendelee. Tukichukulia kwamba waliopotea waligawanyika nusu kwa nusu, na kwamba katika jamii linganishi waliambukizwa kwa kiwango kilekile cha waliobaki, basi ili tofauti ifutike kabisa, waliopotea katika jamii za afua wangepaswa kuambukizwa kwa takribani asilimia 3.5, karibu mara tatu ya wenzao waliobaki. Je, hilo linawezekana? Wanaohama mara nyingi ni vijana, wavuvi na wafanyabiashara, na huenda hatari yao ikawa kubwa. Hata hivyo wanahama pande zote mbili. Upotevu ungepotosha matokeo kiasi hicho iwapo tu wanaohama upande wa afua wangekuwa wa aina tofauti na wanaohama upande wa pili. Mtathmini anaweza kuandika kwamba upotevu ni mkubwa na unapunguza uhakika, lakini kwamba hauelekei kueleza matokeo yote. Sentensi hiyo moja ina thamani kuliko alama ya msalaba katika kisanduku.

3.3 Upimaji

Katika jaribio hili watumishi na wananchi walijua jamii ipi imepata afua. Katika orodha nyingi, kukosa usiri wa aina hiyo ni dosari ya moja kwa moja. Lakini athari yake hutegemea kilichopimwa. Maambukizi ya VVU yalithibitishwa kwa vipimo vya damu vya maabara, na matarajio ya mhojiwa hayabadilishi kipimo cha damu. Taarifa kuhusu mwenendo wa kujamiiana ni jambo jingine. Watafiti waliripoti kwamba mwenendo uliotajwa na wahojiwa haukubadilika, na jambo hilo liliunga mkono tafsiri kwamba athari ilipitia tiba. Hapa ushahidi ni dhaifu zaidi, kwa kuwa watu huficha au hupamba majibu kuhusu mambo ya faragha, na waliosikia elimu ya afya huweza kupamba zaidi. Utafiti mmoja, basi, unaweza kuwa imara kwa tokeo moja na dhaifu kwa jingine. Kwa sababu hiyo chombo cha RoB 2, kilichochapishwa mwaka 2019, hutathmini kila tokeo kwa upande wake katika maeneo matano: ugawaji wa nasibu, kuachana na afua iliyokusudiwa, data zilizokosekana, upimaji wa tokeo, na uteuzi wa matokeo yanayoripotiwa.

4.0 Rakai na mipaka ya uhalali wa nje

Mwaka 1999 Wawer na wenzake walichapisha matokeo ya jaribio la Rakai. Vishada kumi vya jamii viligawanywa kwa nasibu. Upande wa afua, wakazi walipelekewa nyumbani dawa za magonjwa ya zinaa kila baada ya miezi kumi, wawe na dalili au wasiwe nazo. Upande wa pili walipewa dawa za minyoo na vitamini. Maambukizi mapya ya VVU yalikuwa 1.5 kwa kila miaka-mtu 100 katika pande zote mbili. Uwiano ulikuwa 0.97, na masafa ya uhakika yalikuwa 0.81 hadi 1.16.

Mwanafunzi anayepanga tafiti hizi katika jedwali la alama atajikuta na majaribio mawili ya nasibu, yote makubwa na yote yakiwa ya heshima, lakini yenye majibu yasiyopatana. Masafa yake ya uhakika hayagusani: la Mwanza linaishia 0.79, na la Rakai linaanzia 0.81. Bahati pekee haielekei kueleza tofauti hiyo. Kutafuta wastani wa majibu hayo kungetoa namba isiyoelezea mahali popote.

Maelezo yanayojadiliwa na wataalamu yanahusu muktadha na afua. Rakai ilikuwa na janga lililokomaa, kwa kuwa karibu asilimia 16 ya watu wazima walikuwa na VVU mwanzoni, ikilinganishwa na takribani asilimia 4 Mwanza. Katika janga lililosambaa kiasi hicho, sehemu kubwa ya maambukizi huweza kutokea kati ya watu wasio na ugonjwa wa zinaa unaotibika kwa dawa hizo. Tena, huduma ya Mwanza ilipatikana kila siku kwa mwenye dalili, ilhali ya Rakai ilikuja kwa vipindi, na kati ya kipindi na kipindi maambukizi yaliweza kurudi. Jaribio la tatu, la Masaka nchini Uganda, lililochapishwa mwaka 2003 na kuhusisha jamii 18, nalo halikuonesha kupungua kwa VVU. Hakuna lazima ya kumtafuta mkosaji miongoni mwa majaribio haya. Kila moja lilijibu swali lake. Kosa hufanywa na msomaji anayeuliza kama tiba ya magonjwa ya zinaa inazuia VVU bila kuongeza: tiba ipi, wapi, na katika hatua gani ya janga.

5.0 Pale ambapo hakuna ugawaji wa nasibu

Katika ustawi wa jamii, maswali mengi hayajibiwi kwa jaribio. Mwezi Aprili 2016 Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar ilianza kulipa pensheni jamii ya shilingi 20,000 kwa mwezi kwa wazee wote waliofikisha miaka 70. Tuchukulie kwamba mtahiniwa anataka kujua kama malipo hayo yamepunguza msongo wa mawazo, na kwamba analinganisha wapokeaji na wazee wa miaka 60 hadi 69. Tathmini inapaswa kuona matatizo matatu.

Kwanza, umri unahusiana na malipo na pia na afya, hivyo ni kigeu kikanganyishi kisichotenganishika na afua katika mpango huo. Afadhali kulinganisha walio karibu na mpaka, yaani wenye miaka 68 na 69 kwa wenye miaka 70 na 71, ambao hawatofautiani sana kwa mengine. Hata hapo mtafiti ahakikishe umri umeandikwaje, kwani pale ambapo vyeti vya kuzaliwa ni haba, umri hukadiriwa, na mpaka wenye fedha huvuta makadirio.

Pili, ni nani aliyehoji? Mzee anayehojiwa mbele ya sheha, akiamini kwamba jibu lake laweza kugusa jina lake katika orodha ya malipo, hatatoa jibu lilelile atakalolitoa akiwa peke yake. Upendeleo huu hauonekani katika jedwali lolote la matokeo. Huonekana tu katika maelezo ya utaratibu wa ukusanyaji wa data, ikiwa yameandikwa.

Tatu, ni kipimo gani kilichotumika? Hojaji ya PHQ-9, yenye vipengele tisa na jumla ya alama 0 hadi 27, hutumika sana kupima dalili za sonona. Tasnifu nyingi huthibitisha kipimo cha namna hii kwa kutaja alfa ya Cronbach tu. Alfa huonesha kama vipengele vinakwenda pamoja. Haioneshi kama vinapima kilichokusudiwa. Uchovu na kukosa usingizi kwa mtu wa miaka 75 huweza kutokana na kisukari au maumivu ya viungo, na vipengele vyote vinavyohusika vikapanda kwa pamoja. Alfa itakuwa nzuri huku kipimo kikiwa kimepima ugonjwa mwingine.

6.0 Hatari ya alama za jumla

Kwa nini, basi, jedwali la jumla ya alama linapendwa? Kwa sababu linatoa namba, na namba huonekana kutokuwa na upande. Jüni na wenzake (1999) walichukua majaribio 17 ya dawa za kuzuia damu kuganda na kuyapima kwa mizani 25 tofauti za ubora. Hitimisho kuhusu majaribio bora lilibadilika kulingana na mizani iliyotumika: kwa baadhi, tafiti za ubora wa juu zilionesha faida, na kwa nyingine hazikuonesha. Jumla huficha uchaguzi wa aliyetengeneza mizani, yaani aliyeamua kwamba kueleza mahesabu ya sampuli kuna uzito sawa na kuficha mpangilio wa ugawaji.

Uzito hauwezi kuwa sawa. Schulz na wenzake (1995), walipochunguza majaribio 250, walikuta kwamba pale mpangilio wa ugawaji haukufichwa ipasavyo, uwiano wa athari ulikuzwa kwa wastani wa asilimia 41. Uchambuzi wa baadaye wa majaribio mengi zaidi umeonesha ukuzaji mdogo kuliko huo, na kwamba hatari ni kubwa hasa pale tokeo linapotegemea maoni ya mpimaji. Hilo linarudia funzo la Mwanza: dosari ileile haina uzito uleule kwa kila tokeo.

7.0 Hitimisho

Wahenga walisema usione vyaelea, vimeundwa. Kila makisio yanayoelea katika muhtasari wa utafiti yameundwa kwa maamuzi kadhaa, na tathmini ya ubora ni kuyakagua maamuzi hayo mbao kwa mbao. Mtahini anayesoma sura hiyo anaweza kuongozwa na maswali matano. Je, mwandishi ameeleza ni kitu gani kiligawanywa au kilisampulishwa, na kama uchanganuzi umeheshimu hilo? Je, ameonesha waliopotea ni wangapi na wangehitaji kuwa watu wa namna gani ili kubadili jibu? Je, amehukumu kila tokeo kwa upande wake, akizingatia limepimwaje na nani? Je, ametaja upande ambao kila upendeleo ungeelekea, badala ya kusema tu kwamba upo? Na je, hukumu hizo zimeathiri namna alivyojadili matokeo, au zimebaki ndani ya jedwali?

Swali la mwisho ndilo linalotenganisha tathmini na desturi. Ikiwa sura ya ubora inaweza kuondolewa katika tasnifu bila sentensi hata moja ya hitimisho kubadilika, sura hiyo haikufanya kazi yake. Ikiwa kwa sababu yake mwandishi amesema jambo fulani kwa uhakika mdogo zaidi, au amelifungia mahali na watu fulani, basi mganga mkuu wa wilaya atakayemsoma amepata kitu anachoweza kukitegemea.